Aneth abeba ndoo mwenyewe hadi mzinga namba 41

Saa kumi na mbili asubuhi, Itigi. Aneth Urbano anafunga kamba za viatu nje ya ofisi ya ushirika wa wafugaji nyuki, pembeni yake ndoo mbili tupu. Leo hakai kwenye kompyuta. Anaingia porini kuona kama hesabu zake ni za kweli.

Hilo ndilo sharti la Mzee Melkizedeki, mwenye mizinga arobaini na tatu. "Binti yangu, kompyuta yako haijawahi kuchomwa na miiba," alimwambia. "Ukinituma tena twende wote, na ndoo ubebe wewe."

Mzee ana haki ya kununa. Msimu uliopita alitembea kwa saa tano hadi mzinga namba 41, alioambiwa umejaa. Alikuta masega makavu, akarudi mikono mitupu na uso umevimba.

Aneth, 29, ni mtunza takwimu wa ushirika. Kwa kutumia mvua, maua na mavuno yaliyopita, programu yake hukadiria siku ya kurina asali ya kila mzinga. Mwanzoni aliiandika yote kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Mizinga 1,140 ilichukua saa sita, na umeme wa hapa hauna subira hiyo.

Akajifunza C++, lugha ambayo maagizo yake hugeuzwa yote kuwa ya mashine kabla ya kazi kuanza, kwa hiyo hukimbia. Humo akaunda klasi iitwayo Mzinga, yaani kiolezo kimoja cha kuundia mizinga yote, akawa anaitumia akiwa ndani ya R. Saa sita zikawa dakika nne. "Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu," anasema.

Furaha ikamponza. Kwa kawaida katika R, ukikipa kitu jina la pili kisha ukakibadilisha kwa jina hilo, cha kwanza hubaki kilivyokuwa. Akadhani na mizinga ya klasi iko hivyo. Ili kuunda namba 17, akaupa 41 jina la pili na kuingiza mavuno ya 17. Kumbe ni mzinga uleule wenye majina mawili, na 41 ukaonekana umejaa.

"Mimi nilikosea nimekaa kwenye kiti, akaumwa yeye," anasema. "Hata kumwamkia niliona aibu."

Ameshaongeza kwenye klasi amri ya kutoa nakala halisi, na hesabu mpya zinasema leo 41 umejaa kweli. Lakini ushahidi uko juu ya mti.

Saa tano wanafika. Mzee anapanda, anapuliza moshi, anafunua mzinga. Aneth amekumbatia ndoo.

"Leta ndoo," mzee anasema. Baadaye anaongeza, "Na ya pili."

Njiani Aneth anaeleza mpango wake: mwakani awakadirie na wafugaji wa Mitundu. Mzee anasikiliza, mara hii ndoo moja kaibeba mwenyewe.

"Kesho nipe siku ya ule wa 17," anasema. "Huo nitakwenda peke yangu."