Sindano Sita za Amuri

Kabla kifua changu hakijaharibika, sikuwa na makao. Shule niliiacha mwaka wa tatu kwa sababu nilitaka kuona barabara ya Kabambare inaishia wapi. Nilibeba mafuta ya mawese, nilifukuza ndege katika mashamba ya mpunga, nilisukuma kamio za mizigo zilizokwama matopeni. Nikichoka na mahali, niliondoka. Huo ulikuwa wakati wa Wabelgiji, penisilini ilipokuwa bado dawa mpya kwetu.

Nilinyeshewa njiani siku mbili mfululizo. Nilipofika Kasongo, ubavu wa kulia ulichoma kila nilipovuta pumzi, na makohozi yalikuwa na rangi ya kutu. Daktari wa hospitali alinigonga mgongo kwa vidole, akasikiliza, akaandika karatasi: sindano sita za penisilini, moja kila siku. Akasema, "Hapa zimekwisha. Nunua dukani, na usikawie."

Mwenye duka alinitajia bei. Nikamwomba apunguze.

"Hii haiko samaki, ndugu, ya kusema itaoza jioni."

"Basi niuzie nusu."

"Na weye utapona nusu? Kohoa kule, usinikoholee vitambaa!"

Watu walicheka. Niliuliza katika maduka mengine mawili, bei ikawa ileile. Ndipo nikamkumbuka Amuri, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyechimba dhahabu Salamabila. Wafanyakazi wa mgodi walitibiwa bure. Nilipanda kamio, nikalala juu ya magunia ya chumvi, nikitema damu kidogo kidogo.

Amuri aliponiona hakuuliza mengi. Alinipa buku yake ya kazi, kijitabu ambacho hakikuwa na picha.

"Kamata. Kuanzia kesho weye ndiyo Amuri. Lakini usikuwe muvivu, utaniharibia jina."

Mwuguzi alisoma buku, hakuangalia uso. Nilichomwa matakoni siku sita. Nilimwuliza unga ule wa dawa aliouchanganya na maji unatengenezwa kutokana na nini, akaniambia nifunge mdomo. Siku ya nne nilimaliza sahani ya ugali wa muhogo. Siku ya sita aliandika katika buku kwamba Amuri amepewa fungu lake la penisilini, na hatapewa lingine mpaka kiangazi. Maneno yale niliyasoma. Amuri hakujua kusoma. Nilimrudishia buku, nikamshukuru sana, nisimwambie. Nilidhani mtu mwenye nguvu kama yeye hatahitaji dawa.

Nikaenda Wamaza. Huko nilimkuta msafiri aliyetoka mgodini. Alisema Amuri amejikata muundi kwa sururu, mguu umevimba, na mwuguzi mwingine amemnyima sindano kwa sababu ya buku. Ilinipasa kuondoka saa ileile. Lakini palikuwa na daraja likijengwa, na nilitaka kuona jinsi wanavyosimamisha nguzo ndani ya maji. Nilibaki siku mbili, nikijiambia kwamba ni jeraha tu.

Nilipofika kwake nilisikia harufu ya mguu kabla sijaingia. Ngozi ilikuwa nyeusi hadi karibu na goti.

"Kwa nini haukusema ukweli?" nilimwuliza.

"Ningesema nini? Weye wangekufunga, mimi wangenifukuza. Nilikuwa nakungojea, ndugu yangu."

Nilikimbia kwa daktari wa mgodi nikamweleza kila kitu, isipokuwa kwamba nilikuwa nimeyasoma yale maneno ya mwuguzi. Alisema, "Juzi tungeokoa mguu. Leo tunatafuta kuokoa mtu." Walimkata juu ya goti, wakampa penisilini, akapona. Mimi nilifungwa. Yeye alipoteza kazi.

Namshukuru Mungu, nawashukuru na waliotutibu, kwa kuwa sote wawili tunapumua. Nawe uliyeandikiwa dawa ya bei kubwa, usikate tamaa. Uliza kila duka, omba upunguziwe, waambie ndugu zako wachange, hakuna aibu. Lakini ukipona kwa fungu la mtu, mwambie siku hiyohiyo ulichomwondolea.

Amuri sasa ni fundi wa nguo Kasongo, anakanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Nikipita huniita niketi, anataka habari za njia nilizopita. Hajawahi kuniuliza kama niliyaona maandishi yale. Siku hizi ana binti anayesoma vizuri, na karatasi hii nitampelekea yeye, amsomee baba yake.