Mwandishi wa Vita Aliyeng'oa Mpaka wa Jirani

Asubuhi Mwika, mkoani Kilimanjaro. Basili Mushagalusa amejifunika blanketi gubigubi sebuleni, anarekodi ripoti ya vita. Blanketi linazuia mwangwi. Mbuzi halimzuii.

"Waasi wamesogea…" anasema. Mbuzi analia zizini, naye anaanza upya bila kinyongo.

Mzaliwa huyo wa Bukavu, aliyeoa Mwika, huiripotia redio moja ya Nairobi kutoka maeneo ya mapigano mashariki mwa Kongo. Amewahi kulala mtaroni risasi zikimpita juu. Lakini aliyemkosesha usingizi mwaka huu ni baba mkwe wake, Mzee Ebenezeri.

Siku ya ubatizo wa bintiye, Basili alikwama vitani. Akapiga simu, mkewe Aikaeli akaweka sauti ya juu, na usharika mzima ukasikia milio ya bunduki kabla ya amina. Tangu hapo mzee hakumsemesha. Akitaka chumvi mezani, alimwagiza Aikaeli.

"Unatoa shikamoo, unajibiwa na ukuta. Inauma," anasema Basili. "Nampenda yule mzee. Sikutaka kusafiri tena tukiwa hivyo."

Mkewe akamshauri apeleke sale, jani ambalo Wachagga huombea radhi. Basili, asiyependa mambo nusunusu, akang'oa mche mzima na mizizi yake. Aliung'oa mpakani mwa shamba la jirani, Mama Zita, ambako masale ndiyo mpaka wenyewe.

Chai haijachemka, Mama Zita yuko uani anauliza nani kaanza kumega ardhi yake.

"Nimeripoti mipaka ikihamishwa kwa vifaru," anasema Basili. "Mimi niliuhamisha kwa mikono mitupu."

Kumwomba Mama Zita radhi kulihitaji mzee wa ukoo wa kumsindikiza, na ukoo wa Basili uko Bukavu. Mzee Ebenezeri akavaa koti lake la kanisani, akabeba jani la sale mwenyewe.

"Mama Zita, huyu ni kijana wangu," alisema. "Vita anavijua, ila mipaka yetu hatukumfundisha."

Mama Zita alipokea jani, akataka mche urudi palepale. Mzee akaushika, Basili akashindilia udongo.

"Akaniambia, 'Shindilia vizuri, mkwe.' Nikalia, sioni haya kusema."

Wiki ijayo Basili anarudi Kongo. Anatumaini baadaye kuanzisha kipindi cha wakulima mjini Moshi. Mzee ana mpango wake.

"Nimempimia kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo, kule juu," anasema Mzee Ebenezeri. "Migomba imeshapandwa, na mimi magoti yamechoka. Arudi apalilie."