Mwalimu Aliyetaka Kurudi Kusini

Jumanne asubuhi binti wa mwalimu wangu alinipigia simu. Aliniamkia kwanza, kama alivyolelewa, kisha akaniambia. Baba yake alikuwa ametutoka alfajiri, moyo ukiwa umechoka. Baada ya swala ya alasiri tukamzika Segerea, manyunyu yakitulowesha mabega. Tangu siku hiyo nimejaribu kuandika habari nyingine katika safu hii, barabara za vitongoji vyetu, bei ya unga, na kila nikianza najikuta nimemrudia yeye. Wasomaji wangu mnivumilie.

Alikuwa mwalimu wangu wa siasa, miaka ile ambayo siasa ilifundishwa shuleni kama hesabu na jiografia. Ndiye aliyetueleza mawazo ya yule mwanafalsafa aliyeifundisha nchi hii neno ujamaa: kwamba binadamu wote ni sawa, kwamba ardhi si bidhaa, kwamba mtu hana haki ya kuishi kwa jasho la mwenzake. Walimu wengine walitukaririsha. Yeye aliamini. Siku moja mwenzetu wa dawati la nyuma alinyoosha mkono akauliza, kwa adabu kabisa, ikiwa binadamu wote ni sawa mbona walimu wanakula wali chumbani kwao na sisi tunakula ugali na maharage yaliyobunguliwa. Tukasubiri fimbo. Mwalimu akasema swali ni zuri na jibu hana. Kesho yake mchana tulimwona kwenye foleni nyuma yetu, sahani mkononi, na akaendelea kupanga foleni hiyo mpaka mwaka ulipokwisha. Walimu wenzake walimnunia. Nilimpenda tangu siku ile, na kwa miaka mingi nilidhani namjua.

Alipostaafu alihamia nyumba yake ndogo Tabata, nami nikawa nampitia Jumamosi. Jirani yake alikuwa fundi wa kuchonga vinyago, mtu wa kusini aliyefika mjini kijana na patasi zake. Jioni wawili hao walikunywa kahawa pamoja kibarazani kwa mwalimu. Jumamosi moja mazungumzo yakamwangukia yule mwanafalsafa, kama yanavyomwangukia kila mahali mpaka leo. Wapo wanaomtaja kama walii, na wapo wanaomlaani kwa foleni za sukari za utotoni mwao. Mwalimu akamsifu kama kawaida. Fundi, ambaye siku zote alisikiliza tu, safari hii akasimulia. Alikuwa na umri wa miaka minane hivi familia yao ilipoamriwa kuhamia kijiji kipya. Mama yake, mjane, alikataa kuiacha mikorosho na kaburi la mumewe. Wakaja vijana kutoka mjini, wakaezua paa na kuzitia moto nyasi zake. Mkutanoni mama akaitwa adui wa maendeleo mbele ya watu wote. Mvua ziliwakuta kijiji kipya hakina nyumba, akaugua kifua, akafa kabla msimu haujaisha.

“Mie simchukii mzee yule,” fundi alisema. “Maneno yake mazuri, nimeyasoma. Lakini nyie mnapomsifu, mama yangu mnamweka wapi?”

Mwalimu aliweka kikombe chini. Akasema hakuwahi kufika kijijini kwa kina fundi, lakini alikuwa mmoja wa vijana wale. Alipelekwa kusini kuhamasisha watu, ndiyo kwanza ametoka chuoni, na katika kijiji kingine, watu walipokataa kwa siku ya tatu, yeye ndiye aliyesimama akaonyesha kwa kidole nyumba tatu za kuanza nazo. Mwanafalsafa mwenyewe alikuwa ameandika kwamba watu hawaendelezwi kwa kulazimishwa, hujiendeleza wenyewe. “Nilikuwa nimesoma hayo,” mwalimu alisema. “Kitabu kilikuwa mkobani mwangu siku ile.”

Fundi aliinuka, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Hakurudi kwa miezi mitano. Mwalimu alimfuata mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa hayupo, ilhali nyundo yake ilisikika uani. Mara ya tatu alikaribishwa. Alinisimulia baadaye kwamba aliomba msamaha, na fundi akamkatalia bila hasira. “Hukunikosea mie, Mwalimu. Siwezi kukusamehe kwa niaba ya watu nisiowajua. Waendee wenyewe.” Ila alimwomba jambo moja. Wanawe watatu walikuwa wamekua wakiamini bibi yao alikuwa mkaidi aliyejiletea kifo. Ndivyo ilivyosemwa na ndugu walioogopa, na yeye hakuwahi kupata maneno ya kuwatoa katika imani hiyo. Akataka mtu wa upande ule awaambie. Basi Jumapili moja mwalimu wangu alikaa sebuleni kwa fundi mbele ya watu wazima watatu, akawaambia bibi yao hakuwa adui wa maendeleo. Alikuwa mjane mwenye mikorosho na kaburi, na waliopaswa kumsikiliza hawakumsikiliza. Hakusingizia amri za wakubwa. Binti mkubwa alilia. Kahawa ya jioni ikarudi, ingawa si kama zamani.

Tangu hapo akawa na neno moja: kurudi kusini, kuwatafuta watu wa zile nyumba tatu au watoto wao. Fundi alikubali kumsindikiza. Gari lilikuwa langu. Nikasema tungoje mvua ziishe. Zilipokwisha nikasema nimalize kwanza kazi fulani. Kisha moyo ukaanza kumsumbua, nikasema apate nafuu. Wiki tatu kabla hajafa aliniuliza tena, nikamjibu, “Mwezi ujao, Mwalimu.” Akaitikia kwa kichwa, kama alivyowaitikia zamani wanafunzi waliokuja darasani hawajasoma.

Makaburini, watu walipoanza kutawanyika, fundi alibaki ameegemea koleo. Nikampa pole, naye akanipa. Akautazama udongo, akasema, “Wale watu hawatajua kwamba alitaka kuja.” Tumezungumza tangu siku hiyo, mimi na yeye, kama tuifunge safari wenyewe. Lakini tukifika tutasema nini? Sisi hatukuionyesha nyumba ya mtu kidole. Samahani haiombwi kwa kumtuma mtu.

Nchi itaendelea kubishana juu ya mwanafalsafa wake. Wanaomtetea huleta vitabu, wanaompinga huleta mahame ya vijiji vilivyoachwa, na kila upande huondoka na ulichokuja nacho. Mwalimu wangu alivibeba vyote viwili peke yake. Nilimuuliza siku moja kama bado anaamini, akaniambia anaamini kuliko zamani, na kwamba hilo ndilo linalomnyima raha: ikiwa watu wa zile nyumba tatu na yeye ni sawa, basi walistahili kuelezwa ana kwa ana. Sijasikia utetezi wa ujamaa unaoushinda huo, wala lawama nzito zaidi. Kwa hiyo nawaombeni, wasomaji wangu: ukiwa na mzee anayetaka kupelekwa mahali akaseme neno lake, mpeleke wiki hii, mvua inyeshe isinyeshe.