Mpishi wa Dessie anayekionea wivu chungu cha jirani

Saa moja asubuhi, moshi wa kuni umetanda kwenye ua wa nyumba ya harusi mjini Dessie, Ethiopia. Yeshimebet Alemu anakaanga vitunguu. Upande wa pili wa ua, Toyiba Hussen anakoroga chungu chake.

Bwana harusi ni Mkristo, bibi harusi ni wa ukoo wa Kiislamu. Kwa hiyo wamechinjwa ng'ombe wawili, kila mmoja kwa dua yake, na vyungu havigusani.

"Umenusa?" Yeshimebet anamuuliza mwandishi, akionyesha kwa kidevu. "Kitunguu chake kinanukia mtaa mzima. Mimi nikikaanga, hata paka hageuki."

Mjane huyu wa miaka hamsini na mbili amewalea mabinti wawili kwa kupikia harusi. Toyiba ni jirani yake tangu utotoni. Hajawahi kuonja nyama ya Yeshimebet, wala Yeshimebet yake.

"Hilo halikutugombanisha hata siku moja," anasema. "Bibi yangu mwenyewe alizikwa Kiislamu. Kila mtu na Mungu wake wa kumwogopa mezani."

Kilichowagombanisha ni wivu.

Mwaka juzi, kwenye harusi kama hii, vijana wa Kikristo waliotoka chuoni walihama turubai lao wakaenda kula kwa Toyiba. Yeshimebet alipowakemea, mmoja akamjibu, "Nyama ni nyama, mama."

Sufuria yake ilibaki na chakula nusu. Akamwendea mjomba wa bwana harusi wa siku hiyo, Mzee Molla, akamnong'oneza kwamba Toyiba anawashawishi watoto wa Kikristo wale nyama iliyochinjwa Kiislamu.

Neno likaenea. Ndugu wa bwana harusi wakaanza kufoka, wa bibi harusi wakaanza kutafuta viatu vyao waondoke. Kasisi na shehe, waliokuwa wakinywa kahawa pamoja, wakaitwa haraka.

Toyiba alifika mwiko mkononi, akamkamata shati yule kijana wa "nyama ni nyama". "Sema mbele ya wazee. Nilikuita, au nilikufukuza?"

"Alinifukuza," kijana akakiri. "Nikarudi kwa mlango wa nyuma."

Kasisi alikuwa wa kwanza kucheka. Viatu vikavuliwa, harusi ikaendelea. Lakini Yeshimebet akapata jina: mpishi wa fitina. Familia zenye dini mbili zikaacha kumwita, na huku Wollo, eneo la Dessie, familia hizo ndizo nyingi. Akabaki kuuza mikate ya injera mlangoni kwake, fedha za mboga tu.

Kisha mama yake akafariki, katikati ya Kwaresima. Waombolezaji hawakula nyama wala siagi. Asubuhi ya pili Toyiba akaingia jikoni bila hodi, akabandika dengu. Dengu hazichinjwi, kwa hiyo wa dini zote walikula sahani moja.

"Sikuja kwa ajili yako," alimwambia Yeshimebet. "Mama yako alinilisha nikiwa mtoto."

Yeshimebet alilia. Halafu akamsikia mwombolezaji mmoja akisema dengu tamu kama zile hazijawahi kupikwa nyumba hiyo.

"Mama yangu yuko kaburini, nami nimekaa pale naona wivu wa dengu!" anasema, akijipiga paja. "Mungu anirehemu."

Jioni ile alimwomba Toyiba msamaha mbele ya wanawake wote. Toyiba alipoitwa kwenye harusi iliyofuata, aliwaambia wenye shughuli, "Bila Yeshimebet, tafuteni mpishi mwingine."

Sasa wawili hao wanatafuta chumba karibu na chuo, wafungue mkahawa wenye meko mawili ya nyama, na moja la dengu kwa wote. Wanafunzi wengi, anasema Yeshimebet, wanatoka kwenye miji ambako mtu wa dini nyingine wanamjua kwa ugomvi wa kwenye simu tu.

"Waje watuulize kwa nini vyungu ni viwili. Tutawaeleza bila haya, kisha wakae benchi moja wale."

Na wivu, umekwisha?

"Nani kakwambia?" Anapunguza sauti. "Kwenye kibao cha mlangoni, jina langu litakuwa juu."

Ng'ambo ya ua, Toyiba hainui hata kichwa. "Mchoraji nimeshamlipa mimi, mwenzangu!"