Mpinzani wa Mwalimu Judica

Mwalimu Judica alifundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, akastaafu, akabaki peke yake nyumbani kwake Buhembe, mjini Bukoba. Hakuolewa. Rafiki aliyemzoea zaidi alikuwa Twaibu, fundi cherehani wa Bilele.

Kila Jumamosi alasiri alikwenda dukani kwa Twaibu na riwaya mkobani. Mwanzoni walikuwa wasomaji watano, na walisoma riwaya zilizoshinda tuzo tu. Twaibu alisema hana umri wa kupoteza kwa nyingine. Wawili walihamia Mwanza, mwenzao Magdalena akafariki, wakabaki wao wawili na ubishi mmoja wa miaka tisa. Judica alishikilia kwamba hakuna riwaya iliyoizidi ile ya dada wawili waliogombea kibanja cha baba yao mpaka migomba ikafa. Twaibu alisimama na ile ya mfanyakazi wa reli aliyewaandikia watu wa kwao barua asizozituma.

"Mwalimu, majaji wako walilia tu, wakatoa tuzo," alisema Twaibu, pini mdomoni.

"Wako walisinzia ukurasa wa arobaini."

Mwaka jana kiharusi kikamwangusha Twaibu. Binti yake, Nuriat, akamchukua kwake Muleba, na duka likapangishwa kwa muuza simu.

Judica akajiunga na kundi la wasomaji kwenye simu. Aliandika aya tatu juu ya wale dada wawili. Mmoja akamjibu kwa kidole gumba, mwingine akauliza kama filamu yake ipo. Siku moja jirani alimsalimia jioni, na Judica alipoitikia, sauti ikatoka imekwaruza. Tangu asubuhi hakuwa amesema na mtu.

Mwezi wa tatu akapanda gari kwenda Muleba. Twaibu alikuwa barazani, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Nuriat. "Anasikia yote. Maneno ndiyo hayatoki."

Judica alikuwa amejiandaa kumfurahisha. "Nimeisoma tena ile ya reli," akamwambia. "Ulikuwa sahihi, Twaibu. Yako ndiyo bora."

Uso wa Twaibu ukakunjamana. Akatikisa kichwa kwa nguvu, machozi yakamlengalenga. "Uongo," alitamka kwa taabu. Akahangaika tena, kwa muda mrefu. "Bisha."

Basi Judica akaitoa ile riwaya ya reli mkobani, akabisha. Akaishambulia sura ya saba, ambamo mwandishi alimsahau kabisa mke wa yule mtu wa reli. Twaibu alimkazia macho, akapiga kiti kwa mkono wa kushoto kupinga. Judica akampa zamu. Midomo ya Twaibu ilijaribu, jibu halikuja. Kabla ya hoja ya tatu usingizi ukamchukua.

Judica alimalizia hoja zake kwa sauti ya chini, akamfunika miguu kwa kitenge, akamuaga Nuriat.

Garini, njia nzima hadi Bukoba, alijaribu kukisia Twaibu angejibu nini. Hakuweza. Kwa miaka tisa hakuwahi kulijua jibu lake kabla hajalisema.