Mama Mkwe na Chambo cha Kuelea

Mama mkwe alikuja kwetu Ipagala, hapa Dodoma, kutibiwa mtoto wa jicho, na muda wote wa matibabu hakunisemesha neno. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mama mkwe anakufokea tangu asubuhi kwa nini hujanywa chai. Kwa wazee wa kijijini kwao, Haneti, mama mkwe na mkwe wa kiume huheshimiana kwa kukaa mbali: hawali pamoja, hawatazamani usoni, na likiwapo la kusemwa, binti ndiye hulibeba. "Mwambie mumeo bomba linavuja," nasikia kutoka chumbani, na mimi nimekaa hapo hapo sebuleni. Mke wangu alinieleza mara nyingi kwamba hiyo ni heshima kubwa. Kichwani nilielewa. Moyoni iliniuma, kwa sababu nilimpenda yule mama.

Macho yalipopona, akatangaza kwamba Jumatatu anarudi Haneti, ambako tangu baba mkwe afariki anaishi peke yake. Mke wangu akamsihi abaki. Akajibu, atawezaje kuishi nyumba moja na mkwe, kila akitaka kwenda uani asubiri kwanza mwanamume atoke? Hakukosea. Nilikuwa nimeshaanza kuchelewa makusudi kurudi kutoka kazini ili naye apate nafasi ya kuota jua.

Jumamosi mke wangu akasema tumpeleke bwawani Mtera akapunge upepo. Sikuhitaji kubembelezwa. Tangu kazi inihamishie Dodoma, bwawa lile ndilo bahari yangu. Nimekua nikivua ufukweni, mawimbi yakinipiga magotini, na chambo ninachokipenda ni kile cha kuelea: samaki wa plastiki mwenye mdomo uliochongwa kama kikombe. Ukimvuta kwa vipigo vifupi, anatapatapa juu ya maji kama aliyejeruhiwa, na samaki mkubwa anapanda kumfuata. Hapo ndipo penye mtihani. Maji yakiruka, usivute. Samaki mkubwa mara nyingi hukikosa chambo kwa pigo la kwanza, kwa hiyo unamwacha arudi mpaka uzito wake uusikie mkononi. Somo hilo nimewafundisha wenzangu wa ofisini, na mwenyewe silifuati, maana hasira zangu ziko karibu.

Upepo wa mchana ulikuwa ukisukuma mawimbi mpaka kwenye mawe. Mama alitandika khanga yake kule juu, akanipa mgongo kama ilivyo desturi. Nikarusha chambo. Maji yakaruka, nikavuta, kikanirudia kitupu. Nikarusha tena, yakawa yale yale, nikaanza kugombana na fimbo ya kuvulia.

"Mwenye pupa hadiriki kula tamu," mke wangu akasema bila kuinua macho kwenye simu.

Niliporusha mara nyingine, nikaona mgongo wa samaki ukikata maji nyuma ya chambo. Alikuwa mmoja wa wale wenye meno ya nje, wakali. Maji yakapasuka, nami mikono ilikuwa imeshaanza kuinuka, sauti ikanijia kutoka nyuma.

"Wewe, usimnyang'anye. Mwache ale."

Nikaganda. Haikuwa sauti ya mke wangu, wala haikupitia kwake. Kwa mshangao huo nikasahau kuvuta, na samaki akarudi, akakibeba chambo chote, fimbo ikapinda.

Nilipomtoa nchi kavu nikageuka. Mama alikuwa amesimama, uso wazi, na nikajua kwamba muda mrefu alikuwa ameacha kunipa mgongo, akimtazama yule samaki wa plastiki. Alipokumbuka amesema na nani, akajiziba mdomo kwa khanga. Mke wangu alinitazama kwa hofu. Mimi nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Shikamoo mama," nikasema.

Akashusha khanga mdomoni. "Marahaba," akajibu polepole, akimwangalia samaki. Kisha akamgeukia binti yake. "Mwambie mumeo ana haraka kama mbuzi aliyeona pumba."

Jioni tuliporudi nyumbani, mke wangu alimpika samaki kwa nazi. Samaki yule ni mtamu, lakini ana miiba isiyo na mfano. Alichukua sahani ya mama kumpelekea chumbani kama siku zote, na kabla hajafika, mlango ukafunguka. Mama akatoka, akaketi kwenye mkeka tuliokaa sisi, akanyoosha miguu, akaanza kula. Mimi hata kutafuna nilitafuna kwa adabu.

Baada ya matonge machache akaacha. Akaisukuma sahani yake taratibu, ikampita binti yake, ikasimama mbele yangu.

"Macho yangu bado hayajakaa sawa," alisema yule mama aliyemwona samaki wangu kutoka kule juu ya mawe. "Nitolee miiba, mwanangu."

Nikaanza kumtolea, mmoja mmoja, huku machozi yakinizuia kuiona.