Msoma Mita na Sokwe wa Bustanini

Kwa miaka ishirini na mitatu kazi yake ilikuwa kuinama. Aliinama mbele ya milango ya watu, nyuma ya maduka yao, kando ya mabanda yao ya kuku. Alifunua mfuniko wa chuma, akapangusa utando wa buibui kwa kitambaa, akasoma tarakimu zilizojipanga chini ya kioo, akaziandika daftarini. Alikuwa msoma mita wa idara ya maji, na mtaa mzima ulimwita Mama Mita, hata wale waliosoma darasa moja na watoto wake na kulijua vizuri jina lake.

Kazi hiyo ilimpa maumivu ya mgongo na ikamnoa masikio. Alikuwa akiapa kwamba anayasikia maji yakipita chini ya ardhi. Asubuhi na mapema, magari yakiwa bado hayajaanza kelele zao, alisimama katikati ya njia, akafumba macho, na mtaa wote ukageuka kitu chepesi kinachoelea: nyumba, kuta, nguo kwenye kamba, vyote vimebebwa na mkondo mwembamba usioonekana.

"Hayo si maji, mama watoto," mumewe, dereva mstaafu wa lori, alizoea kumtania. "Hilo ni tumbo lako. Umetoka bila kula."

Mgeni wa heshima hupitishwa sebuleni, lakini msoma mita hupitishwa uani. Mama Mita aliyajua mengi ya uani: nani anagombana na nani, nani ameficha jokofu bovu, nani anafuga nini. Aliona, akameza, akaenda zake. Kazini walimsifu kwa hilo.

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi zamu yake ilimfikisha kwenye bustani moja ya starehe. Palikuwa na bwawa la kuogelea, meza chini ya miavuli, bembea za watoto na jukwaa la muziki. Mita kubwa ilikuwa getini. Nyuma ya jiko kulikuwa na nyingine ndogo, iliyobaki tangu enzi za kitalu cha maua cha mtu mwingine, nayo ilihesabu maji ya bomba moja tu. Bomba hilo lilikuwa la kizimba cha sokwe.

Sokwe mwenyewe walimwita Profesa, kwa kuwa siku za mwisho wa juma alivalishwa miwani isiyo na vioo na kofia ya majani. Wateja walimpa sigara iliyowashwa, naye alivuta. Walimpa chupa ya bia, naye alikunywa, na watu wakavunjika mbavu. Mama Mita naye aliwahi kucheka. Hilo hakulificha baadaye, hata pale ambapo kulificha kungemsaidia. Kizimba kilikuwa cha hatua nne kwenda na nne kurudi, sakafu ya saruji, na ndani mlikuwa na tairi moja la gari.

Jumanne moja alikuwa amechuchumaa akiandika. Alipoinua macho, Profesa naye alikuwa amechuchumaa. Mkononi alishika kijiti. Alitazama tundu la maji machafu lililokuwa sakafuni, akakaza macho kama msomaji mwenye miwani hafifu, kisha akakwaruza kiganja chake kwa kile kijiti, taratibu, mstari kwa mstari. Alipomaliza alipitisha mkono kati ya vyuma, akaufungua mbele ya uso wa Mama Mita, akangoja.

Mama Mita hakucheka. Alikitazama kile kiganja kikubwa, cheusi, kilichopasukapasuka, chenye mistari kama ya kwake. Alihisi anaonyeshwa jambo ila hajui kulisoma. Akaurudisha mfuniko wa mita, akaondoka.

Tangu siku hiyo akaanza kumwota. Usingizi wa mchana ulipomchukua kwenye kiti cha barazani, aliona maji yakipanda polepole katika ile bustani, yakafunika meza, yakafunika bembea, na Profesa akatoka ameketi kwenye tairi lake, anaelea juu ya miavuli bila haraka yoyote. Alipozinduka, mumewe alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha chai.

"Ulikuwa unatabasamu," alimwambia. "Ulikuwa na nani huko?"

"Na Profesa."

"Yaani umekosa hata wa kuota naye!"

Mwezi uliofuata, alipoandika tarakimu za mita ndogo, mkono wake ulisita. Zilikuwa zilezile za mwezi uliopita. Alidhani mita imekwama. Akafungua bomba, na kigurudumu chekundu ndani ya kioo kikazunguka bila taabu. Mita ilikuwa nzima. Ndipo akafunua kurasa za nyuma za daftari: mwezi mmoja, miwili, mitatu, mitano. Tarakimu hazikubadilika. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, umenyooka, safi, wa mtu anayejivunia kazi yake. Mara tano alikuwa ameandika kwamba hapa halijatoka hata tone, na mara zote tano akaenda zake.

Hori la sokwe lilikuwa kavu, lina ukoko wa kijani uliobabuka. Mpishi alikuwa akimwaga maganda pale karibu. Mama Mita akamwita.

"Huyu anakunywa nini?"

Mpishi alitazama mlangoni kwanza. "Wanachobakisha wateja, mama. Bia, soda. Mimi nikipata nafasi humpa ndoo. Yule aliyekuwa akiosha kizimba alifukuzwa, na hajaletwa mwingine."

Mama Mita alivuta mpira wa maji mpaka kwenye vyuma, akajaza hori. Profesa alikuja akachota kwa mkono, akachota tena, kisha akaacha adabu, akazamisha uso mzima. Mama Mita alisimama akisikiliza. Kwa miaka yote ile alikuwa amesikia maji yakienda chini ya ardhi. Sasa aliyasikia yakishuka kooni mwa kiumbe mwenye kiu. Akakumbuka kiganja kile kilichofunguliwa mbele yake, akaelewa alichoombwa, au alidhani ameelewa. Machozi yakamlengalenga.

Alimfuata mwenye bustani ofisini. Alikuwa bwana mnene mwenye sauti ya upole, ananukia manukato.

"Karibu soda, Mama Mita."

"Asante, bosi. Yule sokwe hana maji."

"Umekuja kusoma mita au kusoma tabia zangu?" Akacheka. "Yule ni kama mwanangu. Nimemlea tangu akiwa mdogo."

"Mwanao anakunywa maji, bosi?"

Kicheko kikaisha. "Mama, kazi yako iko getini."

Jioni alimweleza mumewe na dada yake mkubwa aliyekuja kuwatembelea. Dada mkubwa alishika tama.

"Watu wazima hawana maji, wewe unalilia maji ya nyani!"

"Si nyani, dada. Ni sokwe."

"Wote ukoo mmoja."

"Basi na sisi tumo."

Mumewe alicheka mpaka akapaliwa, lakini baadaye, wakiwa wawili tu, alisema kwa sauti ya chini, "Ukilianza jambo hili hutaliacha. Nakujua." Hakulisema kama onyo. Alilisema kama mtu anayekagua tairi kabla ya safari ndefu.

Aliandika barua kwa ofisi ya wanyamapori. Kimya. Akaandika nyingine. Akaenda mwenyewe, akaambiwa alete ushahidi, maana mwenye bustani ana kibali, na kila anayeulizwa pale anasema mnyama anatunzwa. Ndipo akaenda kwa daktari wa wanyama, binti mwenye zahanati ya chumba kimoja iliyojaa mbwa waliofungwa bandeji.

"Mama, hicho kibali nakijua," daktari alisema. "Kina sharti: maji safi kila siku na kizimba kuoshwa. Lakini wewe utasema hapewi, yeye atasema anapewa. Tunahitaji kitu kisichoweza kubishiwa."

Mama Mita alifungua mkoba, akaweka daftari juu ya meza, katikati ya mabomba ya sindano. Daktari alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa tano alivua miwani yake, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Mwanangu," Mama Mita akasema, "kabla hujanishukuru, ujue kwamba haya yote niliyaandika mimi na sikuyaona."

Nakala zilipelekwa ofisi ya wanyamapori. Wakati zikizunguka kutoka meza hadi meza, Mama Mita aliamua kutokaa tu. Kila Jumapili alasiri alisimama nje ya geti la bustani na kipande cha boksi alichoandika kwa mkono: SOKWE WA HUMU HANA MAJI. Mumewe alimbebea kiti na mwavuli, akakaa pembeni kimya. Jumapili ya kwanza watu walimpigia honi na kumcheka. Mmoja alimuuliza kama ni mama mzazi wa Profesa. Ya pili, mlinzi wa geti aliambiwa amfukuze, akaja shingo upande, akasema, "Mama, sogea hatua tatu, pale ni barabara ya umma, siwezi kukugusa," kisha akarudi kibandani kwake. Ya tatu, gari lilisimama. Mwanamke aliyekuwa na keki mapajani na watoto wanne kiti cha nyuma alisoma maneno yale, kisha akamwambia dereva ageuze. Baada ya hapo wakaanza kuja watu wa kusimama naye: mwalimu mstaafu, muuza magazeti, hata mpishi, ambaye alikuwa ameacha kazi. Mpishi alieleza alichokiona, kwa sauti ya kawaida, kwa kila aliyeuliza.

Kazini mkuu wake alimwita. "Daftari lile ni la idara, si lako. Utamwaga unga, Mama Mita, na umebakiza miaka miwili tu."

"Najua."

"Ungeomba radhi, mambo yangeisha."

"Nitaomba radhi kwa kulitoa daftari. Kwa kulisoma, hapana."

Hakufukuzwa. Alihamishiwa ghala la mita mbovu, chumba kirefu chenye dirisha moja juu, ambako mamia ya mita zilizokufa zilipangwa rafuni, kila moja imesimama kwenye tarakimu yake ya mwisho. Hakuna aliyemwonea kijicho kwa cheo hicho. Yeye mwenyewe alisema palikuwa na utulivu wa ajabu, kama kukaa chini ya ziwa.

Agizo la kumchukua sokwe lilitoka wiki ya tisa. Alhamisi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya bwawa, walifika maofisa wawili, daktari, na gari lenye kreti kubwa la mbao. Daktari alikuwa ameomba Mama Mita awepo. Waliteremsha kreti kwenye nyasi, hatua kumi na mbili kutoka kizimbani. Walikata kufuli, wakafungua mlango wa kizimba, wakarudi nyuma.

Profesa hakutoka. Alikaa kwenye tairi, akautazama ule uwazi kana kwamba ni ukuta mpya. Ndizi hazikumvuta. Kuitwa hakukumgusa. Saa nzima ikapita, na nyingine ikaanza. Ofisa mmoja akataja sindano ya usingizi. Daktari akakataa katakata: moyo uliochoshwa na bia na moshi huenda usiamke.

Mama Mita alivua viatu. Alichukua mpira wa maji, akaupitisha mpaka ndani ya kreti, juu ya debe la bati lililopinduliwa, akafungua bomba kidogo sana. Tone likagonga bati. Likaja jingine. Kisha uzi mwembamba wa maji ukatiririka kutoka juu ya debe, ukashuka ubao, ukapita kwenye nyasi. Katika ule ukungu sauti ile ilikuwa kubwa kuliko kila kitu, na Mama Mita alihisi tena kwamba bustani nzima imeng'oka taratibu na inaelea.

Profesa aliteremka kwenye tairi. Alifika mlangoni, akanyoosha mkono nje, akagusa jani la nyasi, akaurudisha haraka kama aliyeungua. Akajaribu tena. Akaweka mguu mmoja, akaunusa, akaweka wa pili. Alizipita zile hatua kumi na mbili za nyasi kwa muda ambao mtu angepika chai na kuinywa, ameinama, akifuata ule uzi wa maji kwa kidole mpaka ndani ya kreti. Mwenye bustani alikuwa akitazama kutoka dirisha la juu. Hakuteremka.

Mama Mita hakurudishwa mitaani. Alimalizia miaka yake miwili ghalani, akastaafu, akapewa saa ya ukutani. Bustani iliendelea na bembea zake, na kizimba kikawa stoo ya viti.

Miezi kumi na nne baada ya ile Alhamisi, Mama Mita akiwa bado hajastaafu, mumewe aliazima gari dogo la rafiki yake, wakasafiri nusu siku mpaka makazi ya sokwe waliookolewa, pembeni ya msitu. Mtunzaji aliwapeleka kwenye kilima kinachotazama miti. Kundi la sokwe tisa lilikuwa kule chini, wengine matawini, wengine wakichokoana manyoya.

"Wenu ni yule wa kushoto, karibu na shina," mtunzaji alisema. "Mwanzoni alikaa peke yake miezi mitatu. Sasa ana rafiki, jike mmoja mkorofi kweli."

Mama Mita alikaza macho. Alimwona, mgongo mpana wenye mvi kidogo. Kisha kundi likahama, matawi yakatikisika, wakachanganyikana, na alipotafuta tena hakujua ni yupi.

"Ni yupi sasa?" mumewe aliuliza.

"Sijui," alijibu, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Wallahi sijui tena ni yupi!"

Mumewe alitandika koti lake kwenye nyasi. Wakakaa hapo bega kwa bega mpaka mvua ilipoanza kunyunya, wakiwatazama sokwe tisa ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa na haja nao.